Sindano ya kila siku 28

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa chama, Bunia. Komite imeomba yaandikwe hapa kwa ajili ya washiriki wenye hawakufika.

Prezida ametupa dakika ishirini na amesema atapiga kengele. Tunamjua, ataipiga kweli.

Tumeitwa kuzungumza juu ya ugonjwa wa moyo wa watoto. Tunajua pia kwa nini tumeitwa leo. Mwezi uliopita, hapa hapa, mliachana vibaya. Familia moja iliomba msaada ili mtoto wao apasuliwe moyo ngambo ya ziwa. Wengine walisema mashine ya kusaga ya chama iuzwe, mtoto apone. Wengine wakasema mashine hiyo inalisha nyumba zetu zote, na nani anajua kama mtoto atapona? Maneno yakawa makali. Sisi hatukuja kuamua juu ya mashine yenu, si mali yetu. Tumekuja kusema yale tunayoyajua, na kusema kosa letu moja, ili siku ya kupiga kura mjue kitu mnachopigia.

Tuanze na kosa.

Mtoto huyo wengi wenu mnamjua. Mama yake ametupa ruhusa ya kueleza habari yake, lakini bila jina. Alivuka ziwa Albert mwaka 2018 pamoja na wengine, akafika Kyangwali akiwa mtoto mdogo mwenye afya. Huko kambini, akiwa na miaka tisa, goti lake moja likavimba, likawa la moto. Siku tatu, goti likapona, kiwiko kikavimba. Kikapona, kifundo cha mguu kikavimba. Watu walidhani ameanguka kwenye mpira. Enfirmiye mmoja wa kituo cha kambi hakudhani hivyo. Alimsikiliza moyo, akamtuma apimwe, na tangu hapo mtoto akawa anapigwa sindano ya penisilini kila baada ya siku 28. Alikuwa na kijitabu, kila sindano iliandikwa tarehe. Mama anasema mtoto alilia miezi ya kwanza, kiisha akazoea, hata akawa anamkumbusha mwenyewe: “Mama, kesho njo siku ya shindano.”

Halafu wakarudi Congo.

Sisi wa shirika tulikuwa pale walipopokelewa. Tulikuwa na fishi ya kurasa nne. Tuliuliza watu wangapi ndani ya nyumba, mabati mangapi, majembe mangapi, nani ana mimba, nani anakunywa dawa ya kifua kikuu, nani anakunywa dawa ya sida. Hatukuuliza kama kuna mtoto mwenye anapigwa sindano kila mwezi. Mstari huo haukuwa kwenye fishi, na sisi wenye tulisoma hadi chuo kikuu hatukufikiri kuuongeza. Mama naye, akaona kama hatukuuliza basi hapa hakuna dawa hiyo. Kijitabu kikabaki ndani ya mfuko pamoja na buletini za shule.

Ikapita miezi kumi na nne. Siku moja mtoto akashindwa kupanda kutoka chemchemi na bidon ya litre tano. Akakaa chini katikati ya njia. Usiku akawa hawezi kulala chali, anakaa tu akiegemea ukuta. Alipopimwa ekografi ya moyo, mlango mmoja wa moyo ulikuwa umeharibika sana, damu inarudi nyuma kila moyo unapopiga.

Hatusemi kwamba kama angepigwa sindano zote asingeugua kamwe. Hakuna mtu anaweza kuapa hivyo. Lakini dawa iliyokuwa inamkinga ilikatika siku aliyovuka mpaka, na sisi ndio tulikuwa tumesimama mpakani na kalamu mkononi.

Sasa tueleze ugonjwa wenyewe, juu wengine wamesema ni urithi, wengine wamesema ni kutupiwa.

Moyo una milango minne. Damu inapopita mlango unafunguka, ikishapita mlango unafunga ili isirudi nyuma. Moyo unapiga karibu mara laki moja kwa siku, kwa hiyo hesabuni wenyewe milango hiyo inafanya kazi kiasi gani. Ugonjwa huu hauanzii moyoni. Unaanzia kooni. Kuna kijidudu kinaitwa streptokoki, kinaleta maumivu ya koo kwa watoto, zaidi wa miaka mitano hadi kumi na tano. Koo linaweza kupona lenyewe kwa siku chache. Lakini kwa watoto wengine, wiki mbili au tatu baadaye, nguvu za mwili zilizoamshwa kupigana na kijidudu kile zinakosea njia. Zinashambulia viungo, na zinashambulia milango ya moyo. Viungo vinapona. Milango ya moyo inabaki na kovu. Koo likiugua tena, homa ikirudi tena, kovu linaongezeka. Ndiyo sababu ya kupiga sindano kila mwezi: si kuponya kovu la zamani, ni kuzuia homa isirudi kuongeza lingine.

Kuna watoto wengine ugonjwa unawajia kwa namna ya ajabu: mikono inacheza yenyewe, uso unakunjamana, anaangusha kikombe, mwandiko shuleni unaharibika. Hao wengi tunawakuta katika vyumba vya maombi. Hatumkatazi mtu kuomba. Tunaomba tu kwamba mkishamaliza kumuombea siku ya Mungu, siku ya kwanza mumlete santre.

Ugonjwa huu unafuata watu wanaobanana. Nyumba moja, watu tisa, mkeka mmoja, maji machache. Kwa hiyo unajua njia ya kambi, na unajua njia ya vijiji vyetu. Katika nchi tajiri umepungua sana, si kwa sababu ya upasuaji, bali kwa sababu ya nyumba nzuri zaidi na penisilini. Duniani kote wanaougua wanahesabiwa kuwa karibu milioni 55. Mwaka 2018 mkutano wa dunia wa afya, kule Geneva, ulipitisha azimio la kuomba serikali zote ziushughulikie.

Tuje sasa kwenye hospitali yenye inatajwa sana humu ndani. Inaitwa Uganda Heart Institute, hospitali ya moyo ya Uganda, iko Kampala kwenye kilima cha Mulago. Ilianzishwa mwaka 1988. Miaka mingi ilikuwa kama idara tu ndani ya hospitali kubwa, hadi sheria ya mwaka 2016 ikaipa mamlaka yake yenyewe. Kupasua moyo wazi, maana yake moyo unasimamishwa na mashine inafanya kazi ya moyo na ya mapafu kwa saa kadhaa, walianza mwaka 2007. Zamani mgonjwa wa namna hiyo alitafutiwa ndege ya India au Ulaya, na asiyekuwa na feza alitafutiwa sanda. Leo madaktari wa Uganda wenyewe wanashona milango ya moyo pale Kampala. Hilo si jambo dogo, na sisi Wakongomani tunaweza kulitazama kwa wivu kidogo.

Lakini kama mtu angetuuliza hospitali hiyo imefanya jambo gani kubwa kuliko yote, hatungetaja chumba cha upasuaji. Tungetaja jambo lililofanyika mbali na Kampala, kaskazini, upande wa Gulu, ndani ya shule za msingi.

Swali lilikuwa hili. Siku hizi ekografi inaweza kuona kovu kwenye mlango wa moyo mbele mtoto hajasikia chochote. Anacheza, anakimbia, anakula vizuri, lakini picha inaonyesha mlango umeanza kuharibika. Mtoto huyo tumfanye nini? Madaktari wa dunia nzima walikuwa wakibishana. Wengine walisema apigwe sindano kama wagonjwa wengine. Wengine walisema tusimtese mtoto bure, huenda kovu litapona lenyewe. Hakuna aliyekuwa na hakika, maana hakuna aliyekuwa amepima.

Daktari Emmy Okello wa hospitali hiyo ya Kampala, pamoja na Daktari Andrea Beaton kutoka Marekani na wenzao, wakaamua kupima. Watoto 102,200 walipigwa picha za moyo. Si kwa mashine kubwa ya hospitali, ni kwa mashine ndogo za kubeba mkononi. Picha zilizoleta wasiwasi zilirudiwa kwa mashine kubwa zaidi na kutazamwa na wataalamu. Mwisho wa kazi hiyo wakabaki na watoto mia kadhaa wenye kovu la mwanzo, wenye wazazi walikubali kuingia katika uchunguzi. Watoto 818 ndio walihesabiwa. Waligawanywa kwa kura: kikundi cha kwanza sindano ya penisilini kila siku 28, kikundi cha pili hakuna sindano. Miaka miwili. Kati ya wale 818, watoto 799 walifika mwisho. Ninyi mnajua kuita mkutano wa watu mia nane mara moja ni kazi gani. Kuwafuata miaka miwili, wengine wakikaa mbali na barabara, tunawavulia kofia.

Matokeo yalitolewa mwezi wa kumi na moja 2021, katika gazeti kubwa la madaktari la Marekani. Katika kikundi cha sindano, watoto ambao moyo wao ulizidi kuharibika walikuwa 3. Katika kikundi kisicho na sindano, walikuwa 33. Tatu, na thelathini na tatu.

Tulipoeleza habari hii katika kikao cha kijiji kimoja, mzee mmoja alisimama akauliza, na swali lake lilikuwa na hasira: kwa nini watoto wa kikundi cha pili walinyimwa dawa? Ni swali la haki. Jibu ni kwamba siku ile ya kupiga kura hakuna aliyejua kama dawa itawasaidia au itawaumiza bure. Sindano hiyo inauma, si kidogo. Mara chache sana inaleta hatari ya mwili kuikataa. Na tazameni vizuri: hata kikundi cha pili, 33 ni kama 8 kwa kila 100. Wengine wote, miaka miwili ilipita bila moyo wao kuharibika zaidi. Kwa hiyo wale waliosema tusiwatese bure hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wamekosa hesabu tu, na hesabu ilipatikana Uganda, kwa watoto wa Uganda. Mara nyingi dawa za watoto wetu zinaamuliwa kwa hesabu ya watoto wa mbali. Mara hii madaktari wa Ulaya ndio wanasoma hesabu ya Gulu.

Uchunguzi huo una mpaka wake. Ulikuwa wa miaka miwili, wakati ugonjwa ni wa maisha. Hausemi kwamba kila mtoto wa hapa apigwe sindano, na msitoke hapa mkaanza kununua penisilini kwenye duka za dawa za soko. Ulihusu watoto wenye kovu la mwanzo. Mtoto wa mama yule hayuko tena mwanzoni. Alikuwa na ugonjwa ulio wazi, na kwa watoto kama yeye faida ya sindano inajulikana tangu zamani, hata mbele ya uchunguzi wa Gulu.

Hapo ndipo tunafika kwenye kupasuliwa.

Kuna mtu alisema mwezi uliopita: “Wakishamubadilisha ule mulango, imeisha, atakuwa sawa vile wengine.” Tungependa iwe hivyo. Lakini mlango wa moyo unaowekwa na daktari ni wa namna mbili. Kuna wa kutengenezwa kwa vitu vigumu, tuseme wa chuma. Huo unadumu miaka mingi sana, lakini damu inapenda kugandia juu yake. Mtu mwenye huo mlango lazima anywe dawa ya kuzuia damu isigande, wanaiita wafarini, kila siku ya maisha yake, na apimwe damu mara kwa mara. Akinywa kidogo, damu inaganda, anaweza kupooza au kufa. Akizidisha, anaweza kuvuja damu ndani ya kichwa. Dawa hiyo inagombana na dawa nyingine nyingi, hata baadhi ya vyakula vinaibadilisha nguvu. Na kwa msichana kuna jambo zaidi: wafarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Msichana anayewekewa mlango wa chuma akiwa na miaka kumi na tano, siku moja atataka kuzaa, na siku hiyo atahitaji daktari anayejua kazi yake.

Namna ya pili ni mlango uliotengenezwa kwa nyama ya mnyama, ng’ombe au nguruwe. Huo mara nyingi hauhitaji wafarini ya maisha yote. Lakini ndani ya mwili wa kijana unachakaa upesi, na itabidi apasuliwe tena.

Kuna njia ya tatu, bora kuliko zote ikiwezekana: kutengeneza mlango wake mwenyewe bila kuuondoa. Na kuna njia ya kupanua mlango uliobanana kwa puto linaloingizwa kwa mshipa wa paja, bila kupasua kifua. Daktari wa Japani, Kanji Inoue, ndiye aliyeianzisha mwaka 1982. Lakini puto linafungua mlango uliofungamana, haliwezi kuziba mlango unaovuja, na wa mtoto wetu unavuja. Njia gani inamfaa, daktari wa moyo ndiye atasema akishaona picha. Sisi hatuwezi, na mtu wa kijijini anayesema anajua, msimpe feza.

Tunafungua mabano kidogo. Mwaka 1925, London, daktari Henry Souttar alipasua kifua cha msichana mwenye ugonjwa huu huu, akaingiza kidole chake ndani ya moyo unaopiga, akaupanua mlango kwa kidole. Msichana alipona, akaishi miaka kadhaa. Mnadhani wagonjwa wengine walipanga mstari mlangoni kwake? Madaktari wenzake hawakumpelekea mgonjwa mwingine hata mmoja. Ikabidi kungoja zaidi ya miaka ishirini hadi wengine waanze tena. Tunawaambia hivyo ili msiwaone watu wanaosita humu ndani kuwa ni watu wabaya. Hata madaktari walisita. Tunafunga mabano.

Wengine wametuuliza juu ya hospitali ya bure ya Sudan. Hatukutaka kuipita. Ni Salam Centre, kule Soba karibu na Khartoum, ya shirika la Italia linaloitwa EMERGENCY. Ilifunguliwa mwaka 2007, ikapasua mioyo ya watu wa nchi nyingi za Afrika bila kuwalipisha chochote. Vita ya Khartoum ilianza tarehe 15 mwezi wa nne 2023. Fikirini mtu mwenye mlango wa chuma, mabomu yanaanguka, anakimbia na watoto, na kila siku lazima apate kidonge chake cha wafarini. Ninyi mlikimbia. Mnajua mtu anabeba nini na anasahau nini. Kwa sasa hatuwezi kuwashauri mtegemee njia ya Khartoum.

Basi, juu ya mashine ya kusaga. Tulisema hatutaamua, na hatuamui. Lakini mbele ya kura, maswali manne lazima yapate jibu la maandishi. La kwanza: je, madaktari wa moyo wameona picha zake na kukubali kwamba bado anaweza kupasuliwa? Kuna mioyo inayofika ikiwa imechoka kupita kiasi, na familia inakuwa imeuza shamba kwa ajili ya safari tu. La pili: gharama yote ni kiasi gani kwa mgonjwa asiye raia wa Uganda, pamoja na kulala, kula, na mtu wa kumsindikiza? La tatu: akirudi Bunia, nani atampima damu, na dawa itatoka wapi mwaka wa kwanza, mwaka wa tano, mwaka wa kumi? La nne linahusu sindano, nalo linashangaza wengi: hata akishapasuliwa, bado ataendelea na penisilini. Milango mingine bado ni yake ya kuzaliwa nayo, na homa inaweza kuirudia.

Sisi tumeanza kutafuta jibu la swali la kwanza. Picha zake zimetumwa. Tunangoja. Hiyo ndiyo sababu tunaomba, kama komite inakubali, kura isipigwe leo bali jibu likifika. Na tunasema wazi: jibu likiwa “anaweza,” hatutakuja hapa kuwaambia kwamba sindano ya bei ndogo ni bora kuliko upasuaji wa bei kubwa. Kwa mtoto huyo sindano peke yake haitoshi tena. Atahitaji vyote viwili.

Lakini hayuko peke yake, na hili ndilo linatukosesha usingizi. Baada ya kosa lile tuliongeza mstari kwenye fishi yetu, na tukarudi kuuliza nyumba tulizokwisha kuandika. Hatujamaliza, na tayari tumepata watoto watatu wengine waliokuwa wanapigwa sindano kila mwezi ngambo ya ziwa na wakaacha walipofika hapa. Watatu hao bado wanacheza mpira. Mmoja anabishana na sisi kwamba yeye ni mzima, na kwa sura yake ukimtazama utamkubali. Wale 33 wa Gulu nao, mwanzoni, walikuwa wanacheza mpira.

Watatu hao wameanza tena. Kinachotakiwa ni hiki, na hiki chama kinaweza bila kuuza kitu: mtu mmoja katika kila kikundi cha akiba awe na daftari la tarehe. Siku 28 si mwezi, tarehe zinateleza, mama peke yake anachanganyikiwa, zaidi wakati wa kulima. Mwenye daftari anapita jioni ya mbele yake, anagonga mlango: kesho ni siku. Kama mtoto anakaa mbali, kese ya chama inalipa motari. Kule Gulu watu waliwafuata watoto hivyo hivyo, mmoja mmoja.

Sindano ipigwe santre, na mtu aliyesomea. Mtoto awe amekula na kunywa maji, alale kitandani wakati wa kupigwa, asisimame. Akae pale kidogo ndipo arudi nyumbani. Aliyewahi kuvimba uso au kukosa pumzi baada ya penisilini aseme mbele. Na mtoto ambaye moyo wake umeshaharibika sana, anayehema hata akiwa amekaa, asipigwe tu kwa mazoea: daktari aamue kwanza, huenda atampa vidonge badala ya sindano. Muda gani? Kwa wengi ni hadi miaka 21, au miaka kumi tangu homa ya mwisho, ule ulio mrefu zaidi. Kwa walioharibika zaidi, muda mrefu kuliko huo. Tunajua ni miaka mingi. Mama mmoja alitupigia hesabu papo hapo, akatuambia: “Ni mashindano zaidi ya mia.” Ni kweli, mama.

Na koo. Mtoto mwenye koo linauma sana, lina homa, tezi za shingo zimevimba, hana mafua wala kikohozi, msimpe tu chumvi na maji ya moto mkamaliza. Apelekwe siku hiyo au kesho yake. Koo la namna hiyo linatibiwa kwa penisilini, na likitibiwa vizuri homa ya moyo haipati njia.

Prezida ameshika kengele, tumemwona.

Siku ya Posho ijayo, kuanzia saa mbili za asubuhi, tutakuwa hapa hapa chini ya hangari, na enfirmiye wa santre atakuwa pamoja nasi. Kila mtu aliyerudi kutoka Uganda alete vijitabu vya matibabu vya watoto, vyote, hata vya zamani, hata vile vyenye viliingia maji ndani ya boti na kurasa zikashikana. Tutazifungua pamoja polepole. Mwenye alipoteza kijitabu aje vilevile, na mtoto aje naye.